Mkonga wa 1996 na mgongo wa mama: nilivyolainisha springi za Land Cruiser

Gari langu ni Land Cruiser HZJ75, mkonga wa mwaka 1996, injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda 6. Nililinunua likiwa limeshastaafu kazi ya kubeba mabomba ya mradi wa maji. Mimi naishi Mto wa Mbu, mama yuko Engare Sero, na kila mwezi namfuata kumleta kliniki. Anayekijua kipande cha kutoka Engaruka kwenda kule anajua ninachosema: majivu ya volkano ya mlima Lengai, makorongo, mawe meusi, na yale matuta madogo madogo yaliyojipanga kama bati. Mama ana miaka 71 na mgongo unamsumbua. Safari ya pili aliposhuka alikaa kwanza juu ya jiwe, kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mwezi ujao niache tu nipande boda."

Usiku ule sikulala vizuri.

Nilianza vibaya. Nilikimbilia shokapu, kwa sababu kila mtu husema gari likiruka ni shokapu. Nikanunua nne za bei rahisi, boksi zuri, stika inang'aa. Wiki ya tatu mbili za nyuma zilikuwa zimelowa mafuta. Fundi wangu, mzee wa makamo aliyezeekea kwenye magari haya, hakunilaumu. Alinipeleka kwenye njia ya matuta kilomita kama 10, akasimamisha gari, akaniambia, "Bosi, gusa zote nne." Mbili za mbele zilikuwa za moto. Za nyuma zilikuwa baridi kama bomba la asubuhi. Akanieleza: kazi ya shokapu ni kugeuza mruko kuwa joto. Ikitoka kwenye matuta ikiwa baridi, haijafanya kazi, hata kama ni mpya. Kipimo hicho ni cha bure na nakitumia mpaka leo (gusa kwa tahadhari, nzima inaunguza).

Lakini alisema pia kwamba shokapu si ugonjwa mkubwa wa gari lile. HZJ75 ina springi za pleti, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, mbele na nyuma. Springi za koili, zile za kujizungusha, zilikuja mbele mwaka 1999 na matoleo yaliyofuata, HZJ78 na HZJ79; nyuma Toyota wamebaki na pleti kwa sababu pleti zinabeba. Sasa pleti za kubeba mabomba hazisogei ukipakia watu wawili na mkungu wa ndizi. Springi isiyosogea ni kama chuma kilichochomelewa kwenye chasisi: jiwe likigonga tairi, limegonga kiti.

Tulipofungua springi za nyuma nilielewa kila kitu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameongezewa pleti mbili kila upande. Kati ya pleti na pleti kulikuwa na kutu iliyochanganyika na vumbi, imekuwa ngumu kama saruji. Ncha ya kila pleti fupi ilikuwa imechimba mfereji kwenye pleti iliyo juu yake. Ukipitisha kidole unausikia. Zile ncha zilikuwa zinanasa badala ya kuteleza. Bushi, zile za mpira zinazokaa kwenye ncha za springi, nazo zilikuwa zimeshakuwa na umbo la yai, chuma kinagonga chuma.

Tukatoa zile pleti za kuongezwa. Za kiwandani hatukugusa idadi yake, na hapa naomba sana: usimruhusu mtu atoe pleti ya pili kutoka juu, ile inayozunguka jicho la pleti kubwa, yaani ncha yake iliyokunjwa duara. Ndiyo inayoshikilia ekseli pleti kubwa ikikatika. Tukasugua kila moja kwa brashi ya waya, tukalainisha mifereji kwa grainda, tukapaka grisi, tukafunga na bushi mpya na yubolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Nati za bushi zilikazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, bushi za mpira zinajipinda gari likishuka na hazimalizi mwaka. Baada ya kilomita 500 nilirudi kukaza yubolti tena, na kweli zilikuwa zimelegea kidogo.

Upepo ndio ulionishangaza zaidi. Tairi zangu ni 7.50R16 na kila kituo walikuwa wananijazia PSI 55 bila kuuliza. Sasa nikiwa bila mzigo, nikiacha lami nashusha mpaka 34 mbele na 32 nyuma, nakwenda taratibu, na nikirudi lami najaza kwa pampu ndogo ya umeme. Sishuki zaidi ya hapo, maana tairi zangu zina tyubu, na tyubu ikizunguka ndani ya rimu inakata valvu.

Baada ya hayo ndipo nikanunua shokapu za Old Man Emu, za Australia, zenye gesi ya naitrojeni ya kuzuia mafuta yasitoke povu yakipata joto. Nne zilinigharimu kama milioni 1.4. Ni pesa nyingi kwangu, na sijutii hata shilingi. Zina mwaka na miezi mitatu, kavu, na zikitoka kwenye matuta zote nne ni za moto sawasawa. Ila ningezifunga kwenye zile springi zilizoganda, ningekuwa nimezitupa pesa hizo. Kampuni hiyo ina springi pia, kwa viwango tofauti vya mzigo. Ukienda kununua, taja uzito unaobeba kila siku, siyo ule unaobeba mara moja kwa mwaka.

Kiti cha mama nilikipeleka kwa fundi viti kikabadilishwa sponji, jambo la siku moja tu.

Gari halijawa saluni. Likiwa tupu kabisa, nyuma bado linarusha kwenye korongo, na naweka magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli kulituliza. Lakini mwezi uliopita, tukitoka Engare Sero, nilimwuliza mama kama tusimame apumzike. Hakujibu. Nikageuka: amesinzia, mkono umeachia ule mshikio wa mbele, na Engaruka hatujaifika.