UpdraftPlus ya bure: inatosha kabla ya kupandisha WordPress?

Duka la mtandaoni la Kisumu au tovuti ya shule Nakuru, likiwa kwenye hosting ya pamoja yenye cPanel (paneli ya kusimamia akaunti ya hosting), linahitaji bakapu ya uhakika kabla ya kuguswa. UpdraftPlus ya bure, plagini (programu ya nyongeza) ya kuchukua bakapu za WordPress, inaifanya kazi hiyo vizuri, mradi ujue inachoacha nje.

Bakapu yake hutoka vipande vitano: hifadhidata, plagini, themu, picha na nyaraka ulizopakia, na mabaki ya wp-content, folda ya WordPress yenye vitu vyako. Faili za WordPress yenyewe hazimo, wala wp-config.php. WordPress utaipakua upya wakati wowote. Ila wp-config.php ni yako peke yako, ndiyo yenye nywila ya hifadhidata na kiambishi cha majedwali. Ichukue kwa mkono kutoka cPanel, uifiche vizuri.

Ukituma Google Drive una GB 15, lakini Gmail inazila humo humo. Kabla ya kutumwa, zipu hujengwa ndani ya wp-content/updraft, kwenye seva ile ile. Akaunti ya GB 2 yenye tovuti ya GB 1.3 ya picha itajaa katikati, kwa sababu JPEG tayari zimebanwa na zipu haizipunguzi.

Ratiba nayo inategemea wp-cron, kipanga kazi cha WordPress, ambayo huamka mgeni anapofungua ukurasa. Tovuti ya chama cha wakulima Kakamega isiyo na wageni usiku itachelewesha bakapu hadi asubuhi. Weka kazi ya cron kwenye cPanel iiite wp-cron.php kila dakika 15. Na usisubiri bakapu ijifanye kabla ya kusasisha: huduma hiyo ni ya wanaolipa. Bofya mwenyewe.

Kisha rejesha bakapu hiyo kwenye nakala ya majaribio, upandishe huko kwanza, kimoja kimoja: plagini, themu, halafu WordPress. WordPress 6.6 inadai PHP (lugha inayoiendesha kwenye seva) 7.2.24 au zaidi, lakini ukiruka hadi PHP 8, themu ya zamani inayotumia amri ya create_function() itaanguka, maana amri hiyo iliondolewa PHP 8.0. Kwenye nakala hiyo zima M-Pesa, mteja asije akaombwa PIN kwa oda ya majaribio.

Kurejesha ndiko kunakoumiza maduka. Ukichukua bakapu saa kumi na mbili asubuhi na tovuti ikavunjika saa tano, kurejesha hifadhidata kunafuta oda zote za katikati, ilhali pesa zimeshaingia kwenye till. Toa oda hizo kwa CSV (faili ya jedwali) kwanza, uzilinganishe na taarifa ya M-Pesa. Uzuri mkubwa wa UpdraftPlus uko hapa: unaweza kuweka tiki kwenye plagini pekee na hifadhidata isiguswe. Angalia tu kama plagini ile ilibadilisha majedwali yake iliposasishwa. Ikiwa ilibadilisha, faili za zamani zinaweza kugoma.

UpdraftPlus yenyewe pia isasishwe. Mwaka 2022 matoleo ya kabla ya 1.22.3 yaligunduliwa na pengo: mtumiaji yeyote aliyeingia, hata wa cheo cha chini kabisa, angeweza kupakua bakapu, na ndani yake mna majina na simu za wateja.

Tovuti ya shule inayobadilika mara moja kwa wiki haina haja ya kulipia. Duka lenye oda kila saa lilipie.