Bodi ya majaribio ya saketi: ununue ipi ukiwa Mtwara?

Mwanafunzi akiniuliza anunue bodi gani, mimi humuuliza kwanza: aisii zako (IC, saketi nzima ndani ya kipande kimoja chenye miguu) zina miguu ya aina gani? Shika rula. Chukua aisii ya miguu 14, pima upande mmoja, mguu wa kwanza hadi wa saba. Ukipata milimita 15 na kidogo, miguu imeachana kwa milimita 2.54 na itaingia kwenye bodi yoyote ya matundu. Ukipata 7 na nusu hivi, hiyo ni aisii ya kubandika juu, miguu imeachana kwa 1.27, na bila adapta, yaani kibodi kidogo cha kubadili nafasi ya miguu, utahangaika bure. Vifaa vingi tunaagiza Kariakoo, vinakuja na basi, kwa hiyo ukikosea kipimo unasubiri upya na nauli ya mzigo unalipa tena.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni bodi ya matundu ya fibaglasi, ile ya kijani yenye pete za shaba pande zote mbili. Pete zimepita ndani ya tundu, kwa hiyo unaweza kutoa kifaa na kulehemu tena mara kadhaa bila pete kubanduka. Pia zimepakwa risasi ya kulehemu juu, na hapa kwetu hilo ni jambo kubwa: upepo wa bahari una chumvi, na shaba iliyo wazi haichelewi kuota ukijani.

Kwenye bodi hiyo usilehemu aisii moja kwa moja. Lehemu soketi: ya miguu 8, ya 14, ya 16, ya 28 nyembamba kwa ATmega328P (aisii ya kuandikia programu), na ya 40 pana. Nyembamba ina milimita 7.62 kati ya safu na safu, pana ina 15.24, kwa hiyo pima kabla ya kulehemu. Kila mguu wa soketi utoe kwenye safu ya pini za kuchomekea nyaya. Umeme usiuunge moja kwa moja kwenye soketi. Aisii nyingi za mantiki za miguu 14 zina hasi mguu wa 7 na chanya mguu wa 14, nami niliwahi kuziunga hivyo moja kwa moja. Siku nilipochomeka LM324, aisii ya kukuza mawimbi ambayo chanya yake ni mguu wa 4 na hasi ni wa 11, ikafa palepale. Tangu hapo umeme napeleka kwa waya wa kuchomeka, na kapasita ya nanofaradi 100 naiweka karibu kabisa na miguu ya umeme. Kwa aisii za kubandika, nunua adapta zenye nafasi za 1.27 upande mmoja na 0.65 upande wa pili, ulehemu pini chini yake, zitaingia kwenye soketi yenye upana uleule.

Ya pili ni bodi ya mistari ya shaba. Ni nzuri kwa saketi ndogo ya NE555 (aisii ya kupima muda) au LM358 (ya kukuza mawimbi), unakata mstari kwa ncha ya drili chini ya aisii ili miguu ya pande mbili isiungane. Hakikisha kwa multimita kwamba mkato umekatika kweli, maana unyuzi mmoja wa shaba unatosha kukuchanganya siku nzima.

Bredibodi, ile ya plastiki ya kuchomeka vifaa, naiweka ya tatu. Haihitaji kulehemu, na kwa anayeanza ni lazima awe nayo moja ya matundu 830. Lakini aisii pana ya miguu 40 ikikaa pale, inakuachia matundu mawili upande mmoja na matatu upande wa pili. Vibanio vya ndani navyo hulegea, na msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, vinashika kutu. Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Bodi ya kahawia, ile ya karatasi iliyoshindiliwa, iache hata ukiuziwa kwa bei ya kutupwa. Ukizidisha joto kidogo tu, pete inabanduka na risasi.

Bodi tupu ya shaba, unayochora njia juu yake kisha shaba iliyobaki unaiyeyusha kwa kemikali ya kloridi ya feri, inunue saketi ikishakubali kwenye soketi. Vaa glovu, tumia beseni la plastiki, na maji yake usiyamwage kwenye sinki wala mtaroni.