Kifurushi cha kupima "saratani ya thairoidi": futi ya fundi cherehani inaishinda altrasaundi

Kinauzwa kwa majina mengi, lakini ukikifungua mara nyingi utakuta vitu vinne: mizani ya umeme inayotoa asilimia ya mafuta mwilini, kipimo cha damu cha CRP (protini inayopanda mwili ukiwa na mchochota), kipimo cha TSH (homoni inayoiamuru thairoidi, tezi iliyo shingoni) na altrasaundi ya shingo. Maelezo ya muuzaji ni kwamba unene huleta mchochota (inflamesheni), mchochota wa muda mrefu huchangia saratani, kwa hiyo mtu mnene apimwe thairoidi. Vipande viwili vya mwanzo vina ukweli wake. Tatizo liko kwenye hilo "kwa hiyo".

Mafuta ya mwili, hasa ya tumboni, si ghala lililolala. Hutoa homoni ya leptini na vichochezi vya mchochota kama IL-6 na TNF-alfa, huku adiponektini, ambayo hutuliza mchochota, ikipungua na insulini ikipanda. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliitaja thairoidi miongoni mwa saratani 13 ambazo hatari yake hupungua mtu asipokuwa na mafuta ya ziada. Sasa angalia kipimo cha hatari yenyewe: BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ikipanda kwa pointi 5, hatari ya saratani ya thairoidi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwa saratani ya mji wa mimba, wanawake wenye unene wa kupindukia kabisa wana hatari ya takriban mara 7 ya wenye uzito wa kawaida. Matangazo huandika "hatari huongezeka" na kuishia hapo, kana kwamba maongezeko yote ni sawa.

Mizani inafaa kwa kilo. Ile asilimia ya mafuta usiitegemee sana, kwa sababu mashine hupitisha umeme hafifu mwilini na kukisia mafuta kutokana na maji. Ukinywa maji mengi au ukitoka jasho, jibu hubadilika bila gramu moja ya mafuta kuondoka. Futi ya kitambaa ina manufaa zaidi. Tafuta ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pitisha futi katikati yake ikiwa sambamba na sakafu, toa pumzi kawaida, soma, rudia. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ndipo hatari ya moyo na kisukari inapoanza kupanda. 102 na 88 ni kubwa zaidi. Wengi hukosea kwa kupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, na kujipunguzia sentimita bure.

CRP hutengenezwa na ini likichochewa na IL-6. Kabla ya kulipia, uliza kama ni hs-CRP, yaani yenye uwezo wa kusoma viwango vidogo, kwani ile ya kawaida imekusudiwa maambukizi na majeraha. Chini ya 1 mg/L ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ni ya wastani, zaidi ya 3 ni kubwa, lakini hiyo ni hatari ya moyo. Hakuna kiwango cha CRP kinachosema thairoidi ina saratani. Jibu likizidi 10, fikiria kwanza mafua, fizi zilizovimba au jeraha, kisha rudia baada ya wiki mbili ukiwa mzima.

TSH huonyesha jinsi tezi inavyofanya kazi, basi. Wagonjwa wengi wa saratani hii wana TSH ya kawaida kabisa. Watu wanene huweza kuwa na TSH iliyopanda kidogo, nayo hushuka uzito ukishuka, kwa hiyo usikimbilie vidonge vya homoni ya thairoidi kwa jibu moja. Na kama unameza vitamini ya bayotini kwa ajili ya nywele na kucha, iache angalau siku mbili kabla: katika baadhi ya mashine za maabara hushusha jibu la TSH kwa uongo.

Altrasaundi ndiyo inayokipa kifurushi mvuto, na ndiyo tunayoipa alama ya chini kabisa kwa mtu asiye na dalili. Vinundu vya thairoidi vimejaa kwa watu wazima, na vingi havina madhara. Korea Kusini walilipitia hili. Mpango wa taifa wa kuchunguza saratani ulianza mwaka 1999 bila thairoidi, ila hospitali ziliuza altrasaundi ya shingo kama nyongeza ya bei ndogo. Kufikia 2011 saratani ya thairoidi iliyogunduliwa ilikuwa mara 15 ya mwaka 1993, na vifo havikubadilika. Kati ya waliopasuliwa, takriban asilimia 11 walibaki na upungufu wa homoni ya parathairoidi, ile inayosimamia kalsiamu, na asilimia 2 nyuzi zao za sauti zilipooza. Mwaka 2017 jopo la Marekani la huduma za kinga, USPSTF, lilishauri watu wazima wasio na dalili wasichunguzwe.

Habari ni nyingine kwa mwenye uvimbe unaoonekana au kushikika shingoni, sauti iliyokwaruza isiyopona, shida ya kumeza, aliyepigwa mionzi shingoni utotoni, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani hii. Huyo asinunue kifurushi, amwone daktari.

Kama umeshapimwa na una ripoti mkononi, tafuta alama ya TI-RADS, inayopanga vinundu kwa kiwango cha shaka ya saratani kuanzia TR1 hadi TR5, na ukubwa wa kinundu. Kwa utaratibu wa ACR, chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani, TR1 na TR2 hazichomwi sindano ya kuchukua chembe za kupima. TR3 huchomwa ikifika sentimita 2.5, TR4 sentimita 1.5, TR5 sentimita 1. Ripoti iliyoandika "kuna kinundu" bila alama, bila vipimo vya pande tatu na bila neno juu ya mitoki ya shingo, irudishe ikamilishwe. Ukiambiwa kinundu kimekua, dai walinganishe na picha za zamani: kukua kunahesabiwa pale angalau pande mbili zimeongezeka kwa asilimia 20, kila moja kwa milimita 2 au zaidi. Milimita moja inaweza kuwa tofauti ya mikono ya wapimaji wawili tu.