USB 2.0 au USB 3.0: uchomeke wapi?
Chungulia ndani ya tundu. USB 2.0 ina pini 4 na mwendo wa megabiti 480 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 (baiti moja ni biti 8), ni megabaiti 60 kwa sekunde, ila kazini hupati zaidi ya 40 hivi. Faili la gigabaiti 8 litakula zaidi ya dakika 3.

USB 3.0 ina pini 9, mara nyingi ulimi wake ni wa buluu, na hufika gigabiti 5 kwa sekunde. Kwa diski ya nje, chagua hii bila kusita. Lakini ukichomeka polepole mno, pini 4 za zamani hugusa kwanza na kompyuta huweza kuitambua kama 2.0: chomoa, kisha sukuma kwa mkupuo mmoja mpaka mwisho. Kebo ya 2.0 nayo huurudisha mwendo kulekule.

Kipanya na kibodi? 2.0 yatosha kabisa.