Niliuliza kuhusu dawa, nikaulizwa kama mimi ni nyuki

Nyota moja, na hiyo ni ya mti, si ya wauzaji. Kitalu chenyewe cha miche sikitaji jina. Kiko pembezoni mwa Brisbane, na ukienda wikendi jamaa ninayemsema utamjua kwa sauti.

Nilifuata melaleuka, Melaleuca viridiflora, ile yenye maua mekundu. Mimi mtu wa Tabora, kwetu mizinga hutengenezwa kwa magome, sasa nikikuta gome jeupe linalobanduka tabaka kwa tabaka kama chapati iliyosukumwa ikasukumika, nipite tu? Waaborijini wa kaskazini mwa Australia hunyonya mbochi, ule utamu wanaoufuata nyuki, palepale kwenye ua, au huloweka maua wakanywa maji yake matamu. Gome nalo hufungia samaki wa kuoka kwenye shimo la moto. Mti wa hivyo haununuliwi ili upambe ukuta.

Nikamuuliza yule jamaa, muuzaji wao, kwa adabu zote: mche huu mmeupiga dawa ya wadudu? Maana zipo dawa zinazofyonzwa na mizizi zikapanda mpaka kwenye mbochi, hizo hata uoshe ua mara ngapi haisaidii. Akanitazama juu mpaka chini. "Kwani wewe ni nyuki?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Na kikadi kilichoning'inia kwenye chungu, chao wenyewe, kimeandika kwamba mbochi wake unaliwa! Nikarudia swali. Akaniuliza kama nataka risiti.

Mpaka leo sijajibiwa. Maua yale yote niliyakata nikayatupa, roho inaniuma, nikasubiri mengine. Yalipochanua nikawahi alfajiri, kabla kasuku wa huku hawajafika na fujo zao. Nikanyonya. Utamu mwepesi, halafu kwa mbali kaharufu kakali ka majani yake. Acheni tu.

Hapo ndipo hasira inanichanganya. Miche yao ina afya, mizizi haijajisokota chunguni, bei si mbaya. Ningewapa tatu. Lakini nikikumbuka kile kicheko... mbili. Hapana, ibaki moja! Mtu anauza kitu cha kutia mdomoni halafu akiulizwa kama kina sumu anafanya mzaha?

Mkienda, mtafuteni dada anayekaa upande wa mbolea. Yule ukimuuliza, anajibu.