Miaka miwili na nusu ya WhatsApp Business kwenye duka la mchele, Soweto Mbeya

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya siku tatu za mwezi wa sita mwaka jana, nitazifikia.

Nafanya kazi dukani kwa shangazi yangu, Soweto hapa Mbeya. Tunauza mchele wa Kyela na maharage, na parachichi za Rungwe zikifika msimu wake tunachukua kidogo. Tuko wanne. Shangazi ndiye anayeshuka Kyela kununua mpunga na kusimama mashineni mpaka gunia la mwisho likobolewe. Binamu yangu, mtoto wake, anashika hesabu. Kijana wetu wa mzigo anapima, anashona viroba na kuvipeleka stendi ya Nane Nane. Mimi nashika simu na mitandao. Nusu ya wateja wetu hawajawahi kukanyaga dukani: wako Dodoma, Morogoro, Dar, wachache Tunduma. Wanaagiza kwa simu, wanalipa kwa lipa namba, na mzigo unawafuata kwa basi. Simu ikilala, nusu ya duka imefungwa.

Kabla ya hapo nilikuwa steshenari moja Mwanjelwa, miaka minne. Nilichapa barua za kuomba kazi, nikajaza fomu za watu, nikatengeneza mabango, na kwa hiari yangu nikafungua ukurasa wa duka na kujibu wateja kwa laini yangu mwenyewe. Siku naondoka ikazuka kesi: wateja wanapiga namba yangu, bosi anasema wateja ni wake, mimi nasema laini ni yangu. Sote wawili tulikuwa na haki na sote tuliumia. Nimeitaja mapema kwa sababu swali la kwanza la biashara yoyote ya mtandaoni naona ni hili: namba ni ya nani? Hakuna programu itakayokujibia hilo.

Kwa hiyo nilipofika kwa shangazi nilimwomba laini mpya, isajiliwe kwa alama zake za vidole na namba yake ya NIDA, ikae kwenye simu ya duka isiyobebwa kwenda nyumbani. Tukapakua WhatsApp Business. Programu hii ilitoka Januari 2018 na ni ya bure, unacholipia ni bando tu. Inakaa simu moja na WhatsApp ya kawaida bila kugombana, mradi kila moja iwe na namba yake.

Watu wengi wakiisikia wanafikiri ni WhatsApp iliyoongezewa nembo ya biashara na saa za kufungua. Hivyo vipo, na ujumbe wa kukaribisha upo, lakini kwangu hivyo ni mapambo. Kilichobadilisha kazi yetu ni lebo.

Zamani oda zilikuwa kichwani kwa shangazi na kwenye daftari la kaunta. Mteja akipiga kuuliza mzigo wake, jibu lilikuwa “subiri mama arudi”. Mama yuko Kyela, mtandao unakatika, mteja anasubiri hadi jioni na hasira zake. Kwenye programu hii kila mazungumzo unayabandika lebo yenye rangi. Zinakuja tano tayari na unaweza kuwa nazo hadi ishirini. Sisi tulizibadilisha majina yawe ya kwetu: Anauliza, Ameahidi, Amelipa, Uko stendi, Umefika. Baadaye tukaongeza ya sita, Apigiwe na mama, kwa wale wazee wa Tukuyu wasiopenda kuandikiana. Hao shangazi anawatumia ujumbe wa sauti kwa Kinyakyusa, anaanza na salamu ya “ugonile” na kumaliza na “ndaga fijo”, asante sana, na nimeona wakirudi kuagiza kuliko wateja wengine wote.

Asubuhi saa moja na nusu kijana wetu anafungua kompyuta mpakato ya dukani, maana programu inakuruhusu kuunganisha vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe. Anabonyeza Amelipa na kuona viroba vya siku hiyo. Akirudi stendi na risiti ya basi, anaipiga picha, anamtumia mteja, anabadilisha lebo. Hakuna aliyemtuma. Wiki za kwanza alikuwa akiniuliza, “Dada, leo wangapi?” Mwezi wa pili aliacha kuuliza, akaanza kuniambia yeye: “Dada, huyu wa Morogoro ameahidi tangu Jumatatu, umkumbushe.” Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba nikiijua kazi peke yangu ndipo nitakuwa wa maana. Steshenari nilificha hata neno la siri la ukurasa. Pale kwenye kaunta, kijana wa miaka ishirini na mmoja akinikumbusha kazi yangu, nilijisikia nimepanda cheo.

Katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako ndani ya programu, iliongezwa mwaka 2019 na inabeba bidhaa hadi 500. Sisi tunazo tisa. Muhimu ni kwamba kila moja ina picha yake na bei yake. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimechoka na “bei njoo inboksi”. Mtu ameona mchele, ameutamani, halafu unamwambia agonge mlango mwingine ndipo aambiwe shilingi ngapi. Tulipoweka bei wazi, pamoja na nauli ya basi kwa kila mkoa, maswali yalipungua na waliobaki walikuwa wanunuzi. Kuna siku bei inapanda Kyela na lazima nibadilishe katalogi usiku huohuo. Ni usumbufu, naukubali.

Kwa matangazo ya watu wengi programu haina mkono mrefu. Orodha moja ya matangazo inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Mwanzoni nililalamika. Sasa naona ndiyo iliyonifundisha kazi. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo fulani ya biashara mtandaoni, ya kulipia, ambako tulihimizwa kununua wafuasi. Nikanunua elfu mbili kwa ukurasa wetu wa Instagram kwa pesa niliyokuwa nimejiwekea. Walikuja kwa usiku mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza bei ya kilo. Kwenye simu ya duka tuna watu mia tatu na kitu waliohifadhi namba yetu kwa hiari, kwa sababu ndani ya kila kiroba kijana anaweka kikaratasi kinachosema “hifadhi namba hii uone mzigo mpya ukiingia”. Nikiweka picha stetasi, hao ndio wanaoiona, na kwa saa 24 tu. Picha inayouza kuliko zote ni ya sufuria: mchele umeiva, mfuniko umefunuliwa, mvuke unapanda, na dirishani baridi ya Mbeya. Ya pili ni video ya mashine ya kukobolea, sekunde ishirini, na sauti yake kubwa ileile. Nilijaribu mabango yenye maandishi ya dhahabu. Watu waliyapita.

Jambo moja sikulipenda na bado silipendi. Tukiwa wawili tunajibu, mmoja kwenye simu na mwingine kwenye kompyuta, mteja haoni nani anaongea, na sisi wenyewe tukirudi nyuma hatujui nani aliandika nini. Mama mmoja wa Dodoma alipewa bei ya rejareja na mimi, na dakika kumi baadaye binamu akampa bei ya jumla. Akatuuliza kwa upole, “Wanangu, niamini ipi?” Binamu alisema kosa langu, nikasema lake, tukanuniana siku nzima. Jioni shangazi alituweka chini, na hakuuliza nani kakosea. Aliuliza mteja amejibiwaje. Kumbe hakuna aliyekuwa amemjibu. Tangu siku hiyo kila mmoja anamalizia ujumbe kwa herufi ya jina lake, na bei haiandikwi kwa mkono: iko kwenye majibu ya haraka, unaandika mkwaju na neno fupi, maandishi yote yanakuja. Mkoa mmoja, bei moja, nani yeyote aandike.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa wa kiroba kilichokwenda Dodoma kwa mteja mwingine. Alituma picha ya wali na maneno mafupi: hauna harufu, na una chenga nyingi. Kwa mchele wa Kyela hilo ni tusi, maana harufu ndiyo watu wanayoinunua, na kila mtu anajua sokoni kuna wanaochanganya. Moyo wangu ulitaka kujitetea. Nikarudi kwenye mazungumzo yake, nikaona tarehe ya lebo, binamu akafungua daftari la mzigo. Ilikuwa siku tuliyoishiwa tukachukua gunia mbili kwa jirani bila kuzipika kwanza. Tukamwandikia hivyohivyo ilivyokuwa, na shangazi akaagiza apelekewe kilo kumi nyingine bila malipo. Binamu alipendekeza tuweke shukrani zake stetasi, na namba yake ikionekana, watu waone sisi ni waaminifu. Nilikataa. Wauzaji wengi wanabandika picha za mazungumzo na miamala ya wateja kama ushahidi, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo tangu 2022. Lakini hata isingekuwepo, yule mteja alizungumza na sisi, hakuzungumza na watu mia tatu. Tukaweka picha ya gunia zilizobaki, na maneno kwamba mzigo huo tumeurudisha na sababu yake. Siku hiyo tulipata oda chache. Wiki iliyofuata wawili walitaja tangazo lile wakati wa kuagiza.

Sasa zile siku tatu. Mwezi wa sita, mpunga ukiwa ndiyo unavunwa Kyela, shangazi alikuwa huko vijijini. Nikavunja sheria yetu, nikatoka na simu ya duka kwenda Mwanjelwa kupiga picha za maharage. Iliibiwa kwenye msongamano. Ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri na uthibitisho wa hatua mbili nilishauweka, ile pini ya tarakimu sita, kwa hiyo sikuogopa sana mtu kujifanya sisi. Tatizo lilikuwa laini. Imesajiliwa kwa vidole vya shangazi, na vidole vya shangazi viko Kyela vikihesabu gunia zilizokwisha kulipiwa. Hakuweza kuziacha.

Hapo programu ilinishangaza kwa uzuri. Kompyuta ya dukani iliendelea kufanya kazi bila simu, kwa sababu kifaa kilichounganishwa kinaweza kudumu hadi siku 14 simu ikiwa haipo hewani. Tulijibu wateja siku tatu nzima na hakuna aliyejua. Shangazi aliporudi, tukaenda naye kuhuisha laini, nikasajili namba kwenye simu mpya, na papo hapo kompyuta ikatolewa. Mazungumzo yote yaliyokuwa pale yakaondoka nayo. Nikategemea nakala rudufu. Ya mwisho ilikuwa ya wiki saba nyuma, kwa sababu nafasi ya kuhifadhia ilijaa na mimi sikuangalia. Oda kumi na nne zilikuwa katikati ya safari. Laiti ningekaa nusu saa kuzinakili kwenye daftari kabla ya kusajili, tusingepoteza hata moja. Programu inayojiita ya biashara ingepaswa kunizuia mlangoni na kuniambia kwa maneno makubwa: ukiendelea, hiki na hiki kitapotea. Haikunizuia. Hiyo ndiyo nyota niliyoizuia.

Tulizipata kumi na mbili kwa kupiga simu kwa wenye mabasi na kulinganisha miamala ya lipa namba, binamu na kijana wakikesha na mimi mpaka saa saba usiku, chai ya Tukuyu kwenye chupa na koti juu ya koti. Mbili tulilipa kutoka mfukoni mwa duka. Shangazi hakunikata mshahara. Alisema tu, “Mwanangu, daftari lirudi kaunta.” Lilirudi, na kila jioni kabla ya kufunga tunaandika humo oda zote zenye lebo ya Amelipa na Uko stendi. Dakika kumi. Sijali mtu akiniambia hiyo ni kurudi nyuma.

Kama una duka linalohudumia watu wasiofika, chukua programu hii. Kama uko peke yako na wateja ishirini, WhatsApp ya kawaida inakutosha. Ukitaka kutangazia watu usiowajua, nenda kwingine, hii ni ya kuwatunza ulionao.

Mwezi uliopita kikundi cha akina mama wa parachichi Rungwe kilinilipa nauli na posho nikawafungulie simu yao. Ni mara ya kwanza mtu nje ya ukoo kunilipa kwa kazi hii. Nilikwenda Tukuyu na mvua yake, nikiwa nimejiandaa kufundisha lebo, katalogi na picha za kuvutia. Nilipouliza laini itasajiliwa kwa vidole vya nani, mwenyekiti akasema vyake, mweka hazina akauliza kwa nini, na kikao kikawaka. Nilikaa nikawasikiliza saa mbili. Walipofikia uamuzi, wakaamua pia nani atashika simu wiki ipi na daftari litakaa kwa nani, giza lilikuwa limeshaingia. Lebo hatukuzigusa, narudi tena Ijumaa.