Duka la samaki wa maji chumvi Ntinda, nyota nne

Jamani mnaotaka kuanza tangi la matumbawe hapa Kampala, hili duka la Ntinda nalipatia nyota nne, na nyingi kati ya hizo ni za yule kijana wa kaunta. Mteja akifika anataka kubeba tangi na samaki siku moja, jamaa anakataa kabisa kumuuzia samaki, anamwambia kwanza weka mchanga na mawe, bakteria wa kusafisha maji wajijenge kama wiki nne mpaka sita, amonia na naitraiti (sumu zinazotokana na uchafu wa samaki) zikisoma sifuri kwenye kipimo ndo urudi, na hapo unaanza na klaunfishi (wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe) wawili tu, matumbawe laini baadaye. Nani mwingine anakataa hela kwa ajili ya samaki? Chumvi wanapima mbele yako, gramu 35 hivi kwa lita, tena kwenye maji yaliyochujwa maana ya bomba yana klorini. Bei imechangamka, bahari hatuna, kila kitu kinatoka nje. Nyota niliyokata ni ya umeme: hawana pampu ya hewa ya betri, na umeme ukikatika usiku kucha maji yanasimama, oksijeni inashuka, samaki wanakufa. Waagize hizo pampu haraka, tafadhali.